ASKARI ALIYECHOMOA UPANGA

Somo la wiki. Kusoma: Matendo 16:22–34, Marko 5:1–20



Matendo 16 tumezoea kuihubiri tukianzia kwa zile nyimbo za usiku wa manane na kumalizia na ubatizo. Katikati kuna mahali tunapapita mbio. Tetemeko limepiga, milango imefunguka, mlinzi wa gereza ameamka na kudhani wafungwa wote wametoroka. Anachomoa upanga ajiue.

Huyo si mfungwa, ni askari. Ndiye mwenye funguo na ndiye mwenye silaha, na ndiye aliyefika mwisho usiku ule. Hesabu yake ilikuwa wazi: sura nne nyuma, Petro alipotoka gerezani, Herode aliamuru walinzi wauawe. Kwa hivyo alijihukumu mwenyewe kabla ya kuhukumiwa.

Paulo, ambaye mgongo wake bado ulikuwa na damu ya viboko, alipaza sauti kutoka gizani akamkataza asijidhuru, akamwambia wote wako pale pale. Hakumkemea wala hakumwambia anaenda jehanamu. Alimpa habari ya kweli: kile unachokiogopa hakijatokea, hauko peke yako humu ndani. Mafundisho ya wokovu yalikuja baadaye, taa ilipokwisha letwa na mtu akauliza mwenyewe.

Nimechagua somo hili kwa sababu ya mama mmoja wetu. Kijana wake ni mgonjwa wa akili, na dawa zikikatika huwa anavunja vyombo na kutoka usiku. Majirani humwambia aite polisi. Yeye anaogopa. Kijana hawezi kujieleza, kitambulisho alikirarua, na hapa Garissa mtu asiyejibu maswali gizani anaweza kuchukuliwa kuwa mtu mwingine kabisa. Aliniuliza, "Pastor, nikipiga simu, nawaambia nini?" Swali hilo linastahili jibu, si maombi peke yake.

Kwanza tujue sheria. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema kujaribu kujiua ni kosa, kifungo mpaka miaka miwili. Maana yake, yule askari wa Filipi angekuwa Kenya, angetolewa gerezani kama mlinzi arudishwe kama mfungwa. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, katika kesi iliyoletwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Nayo Sheria ya Afya ya Akili, ya 1989, iliyorekebishwa 2022, haikumpa polisi kazi ya kumshtaki mgonjwa. Tangu mwanzo ilimruhusu ofisa wa polisi, na hata chifu, kumchukua mtu anayeonekana kuugua akili na kuwa hatari, au anayeteswa na kutelekezwa na watu wake, na kumfikisha hospitali ndani ya saa 24 au muda unaofaa. Mwisho wa safari hiyo ni hospitali, sio seli. (Na sisi tunaoita ushirika wa nyumbani "seli" tutafute jina lingine.)

Sasa jibu la mama. Neno la kwanza kwenye simu liwe "ni mgonjwa." Watu wengi huanza na "anatuua" ili polisi waje haraka, na polisi huja haraka kweli, wakiwa tayari kwa vita. Sema ni mgonjwa wa akili, sema anatibiwa wapi, sema kama ana kisu au hana, na usidanganye kwa hilo, maana uhai wa ofisa pia ni uhai. Omba kuzungumza na OCS mwenyewe. Halafu mtu mmoja wa familia atoke barabarani awapokee kabla hawajafika mlangoni, na makaratasi ya hospitali mkononi. Wakishamchukua, fuatana naye na uulize namba ya OB. Na usisubiri usiku wa fujo: mpeleke jamaa yako Hospitali ya Rufaa ya Kaunti akiwa ametulia, upate barua, uweke nakala moja kwa mchungaji. Wanaopelekwa Mathari, Nairobi, wanajua vizuizi vilivyo kwenye barabara ile kutoka daraja la Tana. Barua moja ya daktari huokoa maneno mengi.

Kuna watakaosema, Pastor, hayo ni mapepo, tufunge tuombe. Tuombe, ndiyo. Lakini someni Mathayo 4:24. Wanaletwa kwa Yesu wenye pepo, wenye kifafa, wenye kupooza, na Mathayo anawataja kila kundi kivyake. Hakuwachanganya. Sisi ndio tunachanganya, na mara nyingi tunachanganya kwa sababu dawa ni gharama na maombi tunayaona ni bure.

Hapo ndipo Marko 5 inanishika. Watu wa kijiji walikuwa wamemfunga yule mtu kwa pingu na minyororo mara nyingi. Ile ndiyo iliyokuwa sera yao ya afya ya akili. Yesu alipofika alimuuliza jina. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo siwezi kuwapita wale nguruwe. Walikuwa kama 2,000. Piga picha mbuzi 2,000 wamezama Tana siku moja ya soko la mifugo hapa Garissa, uone kama mjini kutalalika! Wenyeji walikuja, wakamkuta mtu amekaa, amevaa, ana akili zake, wakamwomba Yesu aondoke. Waliandika hasara upande mmoja wa daftari. Lakini minyororo iliyokatika mara kwa mara nani aliihesabu? Mathayo 8:28 anaongeza kwamba njia ile ilikuwa haipitiki. Barabara iliyofungwa miaka yote ni hasara pia, ila haikuandikwa mahali popote. Familia zetu ziko hivyo. Tunalalamikia nauli ya kwenda kliniki, na hatujumlishi usingizi wa mama, vyombo, kazi iliyopotea, dada aliyeacha shule amlinde kaka yake.

Na minyororo haikuishia Gerasi. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watu wanaofungwa minyororo kwa sababu ya ugonjwa wa akili katika nchi karibu 60, Kenya ikiwemo. Kabla ya hapo walikuwa wamewakuta watu wamefungwa hivyo ndani ya kanisa moja la maombi huko Kisumu. Kanisa, wapendwa. Mwaka huo huo jopokazi la serikali likiongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la kitaifa.

Nije getini kwetu. Tangu tarehe 1 Julai 2012, makanisa mawili ya mji huu yaliposhambuliwa wakati wa ibada na watu zaidi ya 15 kuuawa, wakiwemo maofisa wawili waliokuwa wakilinda, hatuabudu bila bunduki mlangoni. Silalamiki. Namshukuru Mungu kwa maofisa hao, na sisahau kwamba mwaka ule viongozi wa Kiislamu walitangaza vijana wao watasaidia kulinda makanisa. Lakini fikiria mgonjwa anakuja anaongea peke yake, amebeba mfuko, anaitwa hasimami, anaulizwa jina hajibu. Ofisa kijana, pengine amehamishiwa hapa mwezi jana, ana sekunde chache za kuamua. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 linamtaka atumie kwanza njia zisizo za nguvu, na risasi ziwe za kuokoa uhai pale njia nyingine zimeshindikana. Ofisa anaijua sheria hiyo. Asichokijua ni sura ya mtu.

Sura tunazijua sisi. Wahudumu wa mlangoni, kazi yenu si kugawa bahasha tu. Wajueni wagonjwa wa mtaa kwa uso na kwa jina; mwenye duka wa jirani atawaambia, yeye anawajua wote. Kila Jumapili mwambieni ofisa wa zamu, fulani hupita hapa, hana shida. Akija mgonjwa aongee naye mtu mmoja, kwa sauti ya chini, akiwa mbele yake, sio kumshika kwa nyuma. Awepo anayejua Kisomali. Jirani akisema "waa waalan yahay", huo ni ujumbe kwamba mtu huyu ni mgonjwa, na unatakiwa umfikie ofisa upesi. Kule Dadaab wana neno buufis, ile hamu ya kuhamishiwa ng'ambo inayomla mtu mpaka akili inavurugika. Kwa hivyo majirani zetu wana msamiati wa mambo haya kutuzidi. Na pale nguvu imetumiwa vibaya, IPOA wana ofisi hapa hapa Garissa. Kwenda kuripoti si kuwa adui wa polisi.

Sasa ninyi mnaokaa viti vya nyuma na buti za kazi. Baadhi yenu mmeokota wenzenu barabarani baada ya bomu. Wapo wanaokumbuka Chuo Kikuu, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148. Mnarudi nyumbani, mnakunywa chai, mke anauliza habari ya kazi, unasema "nzuri." Jopokazi la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililoangalia hali ya polisi, liligusa afya ya akili ya maofisa pia, kwa hivyo hata serikali imeliona. Askari wa Filipi hakuwa dhaifu. Alikuwa mtu wa kazi aliyebaki peke yake na silaha gizani. Kama uko hapo, nipigie usiku wowote, au piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu. Kama wewe ni mwenzake na umeona amebadilika, ongea kama Paulo: mapema, kwa sauti, kabla upanga haujashuka.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii: someni mstari wa 33, mwone nani aliosha majeraha ya nani, na saa ngapi. Kisha kila kundi liandike ni familia gani karibu nalo ina mgonjwa, dawa zake zinaisha lini, na nani ataenda naye kliniki. Karatasi ziletwe ofisini kabla ya Ijumaa, mkononi mwangu, zisipitishwe kwenye WhatsApp.