SOMO: BENKI KUU NA THAMANI YA SHILINGI

Benki Kuu ya Tanzania ilianzishwa kwa Sheria ya mwaka 1965, ikafunguliwa tarehe 14 Juni 1966 kuchukua nafasi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Ni chombo cha Muungano. Shilingi ni moja Unguja, Pemba na Bara.

Benki hiyo haifungui akaunti za wananchi wa kawaida. Hutoa noti na sarafu, husimamia mabenki, hutunza akiba ya fedha za kigeni na ni benki ya Serikali. Lengo lake kuu ni kudhibiti mfumuko wa bei. Tangu Januari 2024 hutumia Riba ya Benki Kuu: riba ikipanda, mikopo huwa ghali, na kasi ya bei hupungua.

Noti nazo zina ukomo. Kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zilibadilishwa. Baada ya hapo zilikoma kuwa fedha halali. Mchuuzi wa Mbagala au Tandale aliyezisahau sandukuni alibakiwa na karatasi tupu.

Wananchi wanakumbushwa kukagua akiba za majumbani na kufuatilia matangazo ya Benki Kuu.