Trela la bamdogo na fomula ya Ohm

Wanachuo wenzangu, likizo iliyopita nyumbani Nyanungu, Tarime, bamdogo alinipa mtihani. Trela la trekta lake lina betri ya volti 12 ya kuwashia taa na spika. Trekta linatembea kutwa, lakini jioni betri ya trela imelala. "Si unasomea ualimu wa fizikia? Haya, mwalimu."

Nikapima betri ya trekta, injini ikiunguruma: volti 14. Nikachomoa waya kwenye betri ya trela, nikapima ncha zake: 14 vilevile. Nikatangaza waya ni mzima, betri imekufa. Nusura bamdogo auze mbuzi anunue mpya!

Kosa langu? Nilipima wakati mkondo haupiti. Hapo hata waya mbovu unaweza kukuonyesha volti zote. Nikarudisha waya, nikapima betri ikichaji: 12.3 tu.

Ndipo V = I × R ikanijia. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, mita 10 kwenda na 10 kurudi, una ukinzani wa karibu ohmu 0.14. Ampea 10 zikipita, volti 1.4 zinapotelea njiani. Zilizobaki zililiwa na kutu ya soketi.

Tulisugua soketi, tukakaza ethi, tukaweka waya wa milimita 6 za mraba na fyuzi yake. Mita ikasoma 13.4. Mbuzi yupo.

Fomula hiyo niliiandika ubaoni kwenye mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi angeniuliza inatumika wapi, ningebabaika. Sasa nitaanzia kwenye trela.