Baiskeli ya Safari Ndefu na Mwinuko wa Kilimanjaro

Mji wa Moshi uko kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari, na lango la hifadhi huko Marangu linakaribia mita 1,900. Mpanda baiskeli aendaye huko kwa njia ya Himo hana budi kujiinua zaidi ya mita 1,000. Iwapo yeye, baiskeli na mizigo yake vina jumla ya kilo 100, kazi ya kushinda mvutano wa dunia katika mita 1,000 ni 100 × 9.8 × 1,000, yaani jouli 980,000.

Wanunuzi wengi huikwepa fremu ya chuma cha pua kwa sababu ya uzito. Lakini kilo moja ikiongezwa, kazi huongezeka kwa sehemu moja tu katika mia. Chupa ya maji ya lita moja hufanya vivyo hivyo.

Jambo zito zaidi ni gia. Baiskeli ya kawaida yenye meno 44 mbele na 20 nyuma, na gurudumu lenye mzingo wa mita 2.2, husonga mita 4.84 kwa kila mzunguko wa pedeli. Barabara ikipanda mita 8 kwa kila mita 100, mguu hudaiwa kani ya wastani wa nyutoni 355 hivi, zaidi ya nusu ya uzito wa mtu wa kilo 65. Ndiyo maana wengi hushuka na kusukuma. Kwa meno 30 mbele na 34 nyuma, kani hiyo hushuka hadi nyutoni 142. Kazi haikupungua, imegawanywa katika mizunguko mingi zaidi.

Chuma cha pua kina sifa nyingine: mikazo midogo inayorudiwa, kama ya barabara yenye mawe, haikichoshi ikiwa iko chini ya kikomo fulani. Alumini haina kikomo hicho. Tena fremu ya chuma ikivunjika, fundi wa kuchomelea aweza kuiunga, ingawa mirija myembamba huharibiwa na moto mkali.

Usukani uliopinda chini huwafaa waendao mbali, maana mikono hubadili mahali na kifua huukwepa upepo. Faida hiyo huonekana tambarare, kuelekea Same. Mlimani mwendo ni mdogo mno. Wakati wa kurudi Moshi, jouli zilezile 980,000 hugeuka joto, sehemu kubwa katika breki. Kwa hiyo breki zijaribiwe mikono ikiwa chini kabisa ya usukani, kabla ya fedha kulipwa.