Ganzi Usiivumilie, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, leo nasema na nyinyi mliofungwa fremu ya kurefusha mguu, au mnaojiandaa kufungwa. Wapo waliozaliwa na mguu mmoja mfupi, wapo walioumia utotoni mfupa ukaacha kukua, na wapo wanaotaka kimo tu. Simhukumu mtu. Kinachoniumiza roho ni ganzi mnayoificha.

Upasuaji huu una misingi imara. Daktari Gavriil Ilizarov aliuendeleza huko Kurgan, Siberia, kuanzia miaka ya 1950. Mfupa hukatwa, ukaachwa siku kadhaa, kisha vipande huachanishwa polepole, kwa kawaida milimita 1 kwa siku, tena kwa mafungu 4. Mfupa mpya huota kwenye mwanya huo. Neva, yaani mshipa wa fahamu, haikatwi, yenyewe inavutwa tu, na kila mwili una kiasi chake cha kustahimili.

Ukirefushwa chini ya goti, inayoumia zaidi ni neva inayozunguka upande wa nje, chini kidogo ya goti, ambapo iko karibu sana na ngozi. Hiyo ndiyo inayoinua wayo na vidole. Ikizidiwa, juu ya wayo huwaka kama umepakwa pilipili, hata shuka ikigusa unaruka. Wengine hupata ganzi katikati ya kidole gumba na cha pili. Dawa za maumivu unameza, hupati nafuu. Baadaye kidole gumba kinakataa kuinuka, na mwisho wayo wote unalegea, unaburuza vidole ukitembea.

Najua kwa nini mnanyamaza. Unahofia daktari atasimamisha kazi na sentimita ulizozihangaikia zipotee. Sikiliza, mpenzi: mara nyingi hupunguza kasi tu, au husimamisha kwa muda neva ipumzike. Isipotosha, anaweza kurudisha fremu nyuma kidogo, au kuifungulia neva pale inapobanwa. Ikiwahiwa, nyingi hupona. Ikicheleweshwa, kumbuka neva iliyoharibika huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku. Hapo unazungumzia miezi mingi, na wengine hubaki wakivaa kifaa cha kushikilia wayo.

Na nyinyi mama mnaouguza watoto: mtoto akishinda amekunja goti na kulia ukilinyoosha, usiseme anadeka. Huenda anaikimbia neva inayovutika. Mwambie daktari na mtu wa mazoezi ya viungo, kwa sababu goti likikunjwa siku nyingi nalo hukakamaa.

Kabla hujasaini fomu, muulize daktari wako atafanya nini neva ikilalamika, na nani atapokea simu yako usiku. Fremu ikishafungwa, kila asubuhi kabla ya kuzungusha skrubu za kurefusha, inua kidole gumba cha mguu na upapase juu ya wayo. Ukiona tofauti na jana, usizungushe. Piga simu hospitali siku hiyo hiyo.