SOMO LA 14: Kutoka Kidato cha Nne hadi Udaktari wa Mifugo: Alama, Tahasusi na Mbinu za Kuomba Chuo

Malengo ya somo
Baada ya kusoma somo hili, mtahiniwa utaweza:
(a) kukokotoa pointi na daraja lako la kidato cha nne;
(b) kuchagua tahasusi inayolingana na alama zako;
(c) kueleza njia mbili za kufikia shahada ya udaktari wa mifugo;
(d) kuepuka makosa yanayowanyima watahiniwa nafasi walizostahili.

14.1 Utangulizi

Mwishoni mwa mwaka 2010 homa ya nguruwe ya Afrika iliingia wilayani Kyela, jirani na mpaka wa Malawi, kisha ikasambaa kuelekea mikoa mingine. Ugonjwa huu hauna tiba. Nguruwe akiugua, mfugaji huwa na njia chache: kumtenga, kutoa taarifa, kufukia mizoga na kuacha kabisa kuuza wagonjwa. Asiyeelewa humpeleka mgonjwa sokoni akiokoa fedha, na kumbe anapeleka virusi kwa jirani.

Kuanzia Ipinda hadi Matema, nguruwe na ng'ombe wa nyuma ya nyumba ndio benki ya kaya nyingi. Mpunga ukichelewa au kakao ikishuka bei, ada ya mtoto hutoka bandani. Kwa hiyo bwana mifugo akikosekana kijijini, hasara huingia hata darasani. Wilaya za mwambao wa Ziwa Nyasa zinahitaji vijana wao wenyewe wasomee kazi hii. Kijana anayeitaka aanze kuipanga sasa, kabla ya mtihani, kwa sababu milango mingi hufungwa au kufunguliwa na matokeo ya kidato cha nne.

14.2 Fahamu alama na pointi zako

Katika mtihani wa kidato cha nne, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) hutumia viwango hivi:

A: 75–100 (pointi 1)
B: 65–74 (pointi 2)
C: 45–64 (pointi 3)
D: 30–44 (pointi 4)
F: 0–29 (pointi 5)

Daraja hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba uliyofanya vizuri zaidi:

Daraja la I: pointi 7–17
Daraja la II: pointi 18–21
Daraja la III: pointi 22–25
Daraja la IV: pointi 26–33
Daraja 0: pointi 34–35

Kumbuka: pointi chache ndizo nzuri. Alama A, B na C huitwa krediti. D ni ufaulu, lakini si krediti.

Angalia upana wa viwango hivyo. C inaanzia 45 na kuishia 64. Mwenye 46 na mwenye 63 wana pointi sawa, ila mwenye 44 na mwenye 45 wametofautiana pointi nzima, na mmoja amekosa krediti. Hapa ndipo penye mbinu ya kwanza ya somo hili: elekeza nguvu kwenye somo lililo karibu na mpaka.

Mfano wa 1. Katika mtihani wa majaribio mtahiniwa amepata Kemia 42, Jiografia 57 na Kiswahili 62. Ana muda wa kuongeza alama chache tu. Aanze wapi?

Jibu: Kemia inahitaji alama 3 kufika 45. Ikifika, D inakuwa C na mtahiniwa anapata krediti mpya. Kiswahili nacho kinahitaji alama 3 kufika B. Jiografia inahitaji alama 8. Akiongeza 5 tu, pointi hazibadiliki. Aanze na Kemia kwa sababu ndiyo inayobeba fani anayoitaka, afuate Kiswahili, kisha Jiografia.

14.3 Masharti ya kuingia kidato cha tano

Vigezo ambavyo OR-TAMISEMI imekuwa ikivitumia kuchagua wanafunzi wa kidato cha tano katika shule za serikali ni hivi:

(i) krediti zisizopungua tatu katika masomo yasiyo ya dini;
(ii) jumla ya pointi za masomo saba isizidi 25;
(iii) jumla ya pointi za masomo matatu ya tahasusi iwe kati ya 3 na 10;
(iv) kusiwe na F katika somo lolote la tahasusi.

Tahasusi, au kombi kama mnavyoita wenyewe, ni masomo matatu utakayosoma kidato cha tano na sita. Kwa anayelenga udaktari wa mifugo, Biolojia na Kemia ndizo nguzo. Tahasusi zilizozoeleka zenye nguzo hizo ni PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia), CBA (Kemia, Biolojia, Kilimo) na CBN (Kemia, Biolojia, Lishe). Tangu mwaka 2024 orodha ya tahasusi imeongezwa, hivyo isome yote kabla ya kuchagua.

Mfano wa 2. Mtahiniwa X amepata: Kiswahili B, Biolojia B, Uraia C, Jiografia C, Kemia C, Historia D, Kiingereza D, Fizikia D, Hisabati F. Je, anafaa kuchaguliwa kidato cha tano, na kwa tahasusi ipi?

Hatua ya 1. Masomo saba bora: 2 + 2 + 3 + 3 + 3 + 4 + 4 = 21. Hili ni Daraja la II, na 21 haizidi 25.
Hatua ya 2. Krediti ni tano. Zinatosha.
Hatua ya 3. PCB: Fizikia 4 + Kemia 3 + Biolojia 2 = 9. Ipo kati ya 3 na 10, na hakuna F.
Hatua ya 4. CBG: Kemia 3 + Biolojia 2 + Jiografia 3 = 8. Nayo inakubalika.

Achague ipi? PCB humfungulia milango mingi zaidi, ukiwemo udaktari wa binadamu. Lakini Fizikia ya kidato cha tano ni nzito kwa mwenye D, na ikimwangusha inaweza kula muda wa Kemia na Biolojia pia. Kabla ya kuamua, X afungue mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) wa mwaka husika, atafute programu ya udaktari wa mifugo, na asome somo la tatu linalotakiwa ni lipi. Uamuzi utokane na sharti lililoandikwa pamoja na uwezo wake. Kumfuata rafiki wa dawati moja si mbinu.

Angalizo: F ya Hisabati haikumzuia X hapa, lakini isidharauliwe. Programu nyingi za sayansi vyuoni hutazama pia matokeo ya kidato cha nne. Mwenye F anaweza kurudia somo hilo akiwa mtahiniwa wa kujitegemea.

14.4 Njia ya kwanza: kidato cha sita, kisha chuo kikuu

Shahada ya udaktari wa mifugo hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984. Masomo yake ni miaka mitano. Ukiongeza miwili ya kidato cha tano na sita, ni miaka saba tangu kidato cha nne. Katika Afrika Mashariki, Makerere na Nairobi pia hufundisha fani hii.

Watahiniwa wengi huchanganyikiwa hapa, kwa kuwa alama za kidato cha sita zina vipimo viwili. NECTA hupanga daraja kwa A = 1, B = 2, C = 3, D = 4, E = 5, S = 6, F = 7; pointi chache ni nzuri. TCU hupima sifa za kuingia chuo kwa A = 5, B = 4, C = 3, D = 2, E = 1, S = 0.5, pointi nyingi ni nzuri. Kiwango cha chini cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili (alama A hadi E) yanayohusika na programu, yenye jumla isiyopungua pointi 4.0. Programu yenyewe inaweza kudai zaidi ya hapo.

Mfano wa 3. Wanafunzi wawili wa PCB: wa kwanza ana Biolojia D, Kemia D, wa pili ana Biolojia D, Kemia E.
Wa kwanza: 2 + 2 = 4.0. Amefikia kiwango cha chini.
Wa pili: 2 + 1 = 3.0. Hajafikia.

Lakini kufikia kiwango cha chini ni ruhusa ya kuomba tu. Nafasi zikiwa chache kuliko waombaji, wenye pointi nyingi hutangulia. Lenga C kwenda juu katika Biolojia na Kemia, usilenge mstari wa mwisho.

14.5 Njia ya pili: chuo cha mifugo, kisha chuo kikuu

Mfano wa 4. Mtahiniwa Y amepata: Kiswahili C, Biolojia C, Uraia D, Jiografia D, Kemia D, Historia F, Kiingereza F, Fizikia F, Hisabati F.
Pointi: 3 + 3 + 4 + 4 + 4 + 5 + 5 = 28, Daraja la IV. Krediti ni mbili. Hawezi kuchaguliwa kidato cha tano cha serikali.

Je, ndoto imekwisha? Hapana. Y amefaulu masomo matano, yakiwemo Biolojia na Kemia. Vyuo vya ngazi ya kati hupokea wenye ufaulu usiopungua masomo manne yasiyo ya dini, pamoja na masharti ya kozi husika. Wakala ya Mafunzo ya Mifugo (LITA) ina kampasi Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri, Temeke, Mabuki, Kikulula, na Madaba mkoani Ruvuma. Hufundisha afya na uzalishaji wa mifugo kwa astashahada na stashahada. Kuanzia NTA ngazi ya 4 hadi ya 6, kwa kawaida ni miaka mitatu.

Mwenye stashahada ya fani inayohusiana anaweza kuomba shahada kwa sifa linganifu. Kiwango cha chini cha jumla cha TCU ni wastani wa GPA 3.0, na programu inaweza kudai zaidi. Ukijumlisha, 3 + 5 ni miaka minane. Y amemzidi X mwaka mmoja tu. Isitoshe, akihitimu stashahada tayari ana kazi mkononi: anaweza kuandikishwa na Baraza la Veterinari Tanzania katika ngazi yake na kuwahudumia wafugaji huku akijiandaa kuendelea.

Angalizo: njia hii si ya mkato. Ukiingia LITA na kuridhika na GPA 2.5, mlango wa shahada unakuwa mgumu. Soma kwa bidii tangu muhula wa kwanza, kwa kuwa wastani uliobomoka mapema ni kazi kuujenga.

14.6 Mbinu za kuomba: fanya na usifanye

1. Jaza Selform kwa uangalifu. Fomu hii hujazwa shuleni kabla ya mtihani. Panga tahasusi kuanzia unayoitaka zaidi, na weka pia kozi za vyuo vya kati. Asiyeweka chuo chochote, kisha akapata Daraja la IV, amejifungia mlango mwenyewe.

2. Tumia dirisha la mabadiliko. Matokeo yakitoka, OR-TAMISEMI hufungua muda wa kubadilisha machaguo kwenye mfumo. Fanya hesabu ya Mfano wa 2 kwa alama zako halisi, kisha badilisha panapohitajika. Hifadhi nywila yako. Ukiipoteza mwone mwalimu wa taaluma mapema, usisubiri siku ya mwisho.

3. Linganisha majina. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa liwe sawa na la usajili wa mtihani. Ukiomba mkopo wa elimu ya juu, cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na RITA. Kosa la herufi moja ni rahisi kulitatua sasa kuliko baada ya miaka miwili.

4. Omba mwenyewe. Maombi ya shahada hutumwa moja kwa moja chuoni. Ukimwachia mtu wa stesheneri, kaa naye na usome kila ukurasa kabla ya kutuma.

5. Usiache vitendo. Biolojia na Kemia zina karatasi ya vitendo. Mtahiniwa aliyezoea kupima ujazo wa tindikali na kuchora kielelezo kwa usahihi huokota alama ambazo mwenye nadharia tupu huziacha.

14.7 Maswali ya kujipima

1. Mtahiniwa ana Biolojia C, Kemia C, Fizikia F na Jiografia C. Jumla ya masomo saba ni pointi 24. Je, achague PCB au CBG? Toa sababu.
2. Mwanafunzi wa kidato cha sita ana Kemia C, Biolojia D, Fizikia S. Kokotoa pointi zake kwa NECTA na kwa TCU.
3. Una Kemia 43, Biolojia 64 na Historia 50. Panga masomo hayo kwa kipaumbele cha kuongezewa muda.
4. Jirani yako wa Ngonga ana nguruwe watatu wagonjwa na anataka kuwauza haraka. Mpe ushauri kwa hoja mbili.

Majibu

1. CBG. PCB ina F ya Fizikia, hivyo haikubaliki. CBG ni 3 + 3 + 3 = 9, haina F, na pointi 24 hazizidi 25.
2. NECTA: 3 + 4 + 6 = 13, Daraja la III. TCU: masomo mawili aliyofaulu ni 3 + 2 = 5.0, amevuka 4.0. S haihesabiwi katika yale mawili.
3. Kemia kwanza (alama 2 kufika C na krediti), Biolojia ya pili (alama 1 kufika B), Historia mwisho (alama 15 kufika B). Anayeanza na Biolojia ajibu kwa sababu. Hoja yake pia inakubalika.
4. Asiwauze: virusi vya homa ya nguruwe husafiri na nguruwe hai na hata na nyama. Awatenge na kumwita afisa mifugo mara moja, ili mabanda ya jirani yaokolewe.

Zoezi la nyumbani: chukua matokeo yako ya mtihani wa majaribio, kokotoa pointi za masomo saba na za tahasusi mbili, kisha mwoneshe mzazi au mlezi pamoja na njia zote mbili za somo hili. Mlijadili kabla ya kujaza Selform.