Mwendo wa Wanyonyeshao

Somo: Mwanzo 33:12–14

Someni kwanza mistari hiyo. Esau ataka waende pamoja. Yakobo akataa kwa adabu: watoto ni wadogo, na kundi lina wanyonyeshao, wakikimbizwa siku moja tu, watakufa. Yeye atafuata mwendo wao. Tuangalie vema kwamba Yakobo hakusema wanyonyeshao waachwe nyuma. Msafara ndio uliopunguza mwendo.

Sisi wa Tabora twaijua misafara. Mwaka 1857 Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Kaze, jirani na mji wetu. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifiwa kotekote, lakini mara nyingi wake zao walifuatana nao. Mama alijitwika vyungu na chakula, mtoto mgongoni, na wafikapo kambini ndiye aliyepika. (Wapo pia waliopitishwa njia hiyo utumwani, hao hawakuulizwa mwendo wao.) Basi asemaye kwamba kazi ya mwanamke nje ya nyumba ni jambo la kigeni huku, haijui njia hii.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama aliyefikisha miezi 6 kazini likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akizaa pacha. Kibarua wa msimu naye hakusahauliwa. Akirudi, aruhusiwe hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha, ndani ya saa za kazi. Ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Naye amwarifu mwajiri miezi 3 kabla ya kujifungua, akiwa na cheti cha daktari.

Tusidhani maneno haya yahusu ofisi kubwa tu. Wengi wetu ni waajiri: tuna msichana wa kazi nyumbani, tuna vibarua wa tumbaku. Msichana akionekana ana mimba, hufungishwa mizigo Jumamosi, na Jumapili twaikaribia Meza ya Bwana. Sheria hiyo haikumtenga msichana wa nyumbani. Mwenye duka dogo atasema kumlipa asiyekuwepo ni mzigo. Ni mzigo kweli, hatubishi. Yakobo naye alijua atachelewa.

Tena kuamua lini azae ni neno la mke pia, si la mume na mama mkwe peke yao. UMATI wamefundisha uzazi wa mpango nchini tangu 1959, na bado wapo wake wanaokwenda kliniki kwa kujificha. Asiyeulizwa jambo hilo nyumbani, siku 84 hazitamtosha.

Ya kuzungumza vikundini: Katika parishi yetu, ni nani aliyeondolewa kazini kwa ajili ya mimba, na yuko wapi sasa? Nani atakwenda kumtazama?