Koo la Mtoto na Moyo Wake

Mtoto akilalamika koo, wengi wetu humpa maji ya chumvi asukutue, kesho anakwenda shule. Mara nyingi hupona kweli, kwa kuwa koo nyingi huletwa na virusi. Lakini akiwa na homa, akimeza mate anaumia, mafindofindo yamevimba na hana mafua wala kikohozi, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Huenda ni bakteria aitwaye streptokokasi, na dawa yake ni penisilini. Akiandikiwa vidonge, avimalize hata kama homa imeshuka siku ya pili. Kukata kimeo hakutibu ugonjwa huu; kunamwongezea kidonda na kumwaga damu yake bure.

Wiki mbili au tatu baada ya koo lisilotibiwa, baadhi ya watoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, hupata homa ya baridi yabisi. Leo goti limevimba, kesho maumivu yamehamia kifundo cha mguu au kiwiko. Nyumbani tunadhani kaumia mpirani. Kumbe kinga ya mwili, iliyoamka kupigana na bakteria, inashambulia pia valvu za moyo, vile vilango vinavyopitisha damu mbele na kuizuia isirudi. Viungo hupona, kovu la valvu linaweza kubaki.

Miaka inapita. Binti anahema akipanda mlima na ndoo, usiku hawezi kulala bila kuegemea mito, au hali inajitokeza akiwa mjamzito, moyo ukielemewa. Watu husema ni pumu, wengine karogwa. Daktari husikiliza kifua, kisha huthibitisha kwa kipimo cha eko, kinachoonesha valvu zikifunguka na kufunga. Hakiumi.

Aliyegundulika huchomwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Inauma, na huchomwa mtu akijiona mzima, ndiyo maana wengi huiacha. Tafadhali msiiache: kila homa ya baridi yabisi inayorudi huongeza kovu. Andikeni tarehe kwenye kalenda ya ukutani.

Valvu iliyoharibika sana hurekebishwa au kubadilishwa kwa upasuaji, kama unaofanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Aliyewekewa valvu ya chuma hunywa warfarini maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Akitaka kubeba mimba, aonane kwanza na daktari wa moyo: dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kuiacha kiholela kunaweza kugandisha damu kwenye valvu.